Kumsaidia Mtoto Kujifunza Hesabu ya Kugawanya

Hesabu ambazo mtoto hufundishwa kwanza shuleni ni nne: kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Katika hizo nne, hii ya mwisho ndiyo iwatoayo jasho watoto wengi. Mtoto aliyekuwa akienda shule kwa furaha, akifika katika kugawanya huanza kusema kwamba kichwa kinamwuma, au kwamba daftari lake limepotea. Wazazi nao aghalabu husema, "Kazi hiyo ni ya mwalimu," wakaiacha. Lakini jambo hili si dogo. Mtoto asiyejua kugawanya hawezi kuelewa sehemu, wala asilimia, wala wastani, wala vipimo vingi, maana hesabu hizo zote zimesimama juu ya kugawanya kama nyumba isimamavyo juu ya msingi wake. Akikwama hapa, atakwama na mbele.

Makala haya yataka kueleza kugawanya ni nini, kwa nini huwasumbua watoto, na mzazi aweza kufanya nini nyumbani jioni, hata ikiwa yeye mwenyewe hakusoma sana. Hakuna chombo cha kununua. Punje za mahindi, vijiti, na dakika chache kila siku vyatosha.

Wala haifai kumwachia mwalimu mzigo wote. Katika Kenya, ada za shule za msingi za serikali zilipoondolewa mwaka 2003, watoto wengi mno waliingia madarasani kwa mara moja, na tangu hapo katika shule nyingi mwalimu mmoja hutazama watoto wengi kuliko awezavyo kuketi nao mmoja mmoja. Mzazi ndiye awezaye kuketi na mtoto mmoja.

KWA NINI KUGAWANYA HUWASUMBUA WATOTO

Ziko sababu nne, na yafaa mzazi azijue kabla hajakasirika.

Ya kwanza, kugawanya kwahitaji hesabu zile nyingine zote. Mtoto agawanyapo hesabu ndefu hana budi kukisia, kisha kuzidisha, kisha kutoa, kisha kuanza tena. Akiwa dhaifu katika moja ya hizo, hesabu nzima yaharibika, na yeye hudhani kwamba hajui kugawanya, kumbe kosa lake ni la kutoa tu.

Ya pili, hesabu hii huenda kinyume cha zile nyingine. Katika kujumlisha, kutoa na kuzidisha, mtoto amefundishwa kuanzia upande wa kulia, penye mamoja. Katika kugawanya aambiwa aanzie upande wa kushoto, penye mamia au maelfu. Asipoelezwa sababu, huona kama mtu aliyeambiwa avae shati kuanzia vifungo.

Ya tatu, ni hesabu ambayo mara nyingi haimaliziki sawasawa. Kitu hubaki. Mtoto akiona kimebaki kitu hudhani kwamba amekosea.

Ya nne ni lugha. Katika Kenya watoto wengi hufundishwa hesabu kwa Kiingereza, hasa baada ya miaka mitatu ya kwanza ya shule, na nyumbani husema lugha ya mama au Kiswahili. Basi huweza kuyakariri maneno ya mwalimu bila kuona picha yake moyoni. Mzazi aweza kuondoa kizuizi hiki kwa swali moja tu: "Hebu nieleze hesabu hii kwa lugha yetu." Mtoto akiweza kuieleza kwa lugha ya nyumbani, ameielewa. Asipoweza, mzazi amekwisha kujua mahali pa kuanzia.

MTOTO AJUA KUGAWANYA KABLA HAJAENDA SHULE

Mpe mtoto wa miaka minne vipande sita vya muwa, umwambie agawane na dada yake. Atatoa kimoja kwa dada, kimoja kwake, kimoja kwa dada, kimoja kwake, hata viishe. Akipewa viwili na mwenzake akapewa vinne, atalia. Hajui kuandika hata tarakimu moja, lakini ajua kwamba mafungu yapasa kuwa sawa. Na hiyo ndiyo maana ya kugawanya: kukifanya kitu kizima kuwa mafungu yaliyo sawasawa.

Watu wazima nao hufanya hivyo daima. Wachezao bao la Kiswahili wajua kwamba kete ni 64 na mashimo ni 32, yaani safu nne zenye mashimo manane kila moja. Katika bao la kujifunza kila shimo hutiwa kete mbili, maana 64 kwa 32 ni 2. Mama apimaye nafaka ajua kwamba pishi moja ni vibaba vinne. Basi akiwa na vibaba 28, anazo pishi 7. Watu hawa hawasemi kwamba wanagawanya, lakini ndiyo kazi waifanyayo.

Basi kazi ya mzazi si kuingiza jambo geni katika kichwa cha mtoto. Kazi yake ni kumwonyesha kwamba yale mambo aliyoyajua tangu zamani, na zile alama azionazo katika daftari, ni kitu kimoja.

MAANA MBILI ZA KUGAWANYA

Hapa ndipo watu wengi hupotea, nao ni vema wazazi wapasome kwa utulivu. Hesabu ya 12 kwa 3 yaweza kuuliza maswali mawili yaliyo mbalimbali.

Swali la kwanza ni hili: Tuna machungwa 12, na watoto ni 3. Kila mtoto atapata mangapi? Hapa twajua hesabu ya watu, lakini hatujui ukubwa wa fungu. Mtoto atagawa moja moja mpaka yaishe, na kila mtoto atapata 4.

Swali la pili ni hili: Tuna machungwa 12, nasi twataka kuyauza sokoni mafungu mafungu, kila fungu machungwa 3. Tutapata mafungu mangapi? Hapa twajua ukubwa wa fungu, lakini hatujui hesabu ya mafungu. Mtoto ataondoa matatu, aweke kando; aondoe matatu mengine, aweke kando; na akiisha ataona mafungu 4.

Jawabu ni lile lile, lakini kazi ya mikono ni mbalimbali. Mtoto aliyefunzwa maana moja tu hushangaa akiulizwa ile ya pili. Kwa hiyo mwulize zote mbili, mara hii na mara hii, kwa vitu vilivyopo nyumbani: mayai, vitunguu, maembe, vijiti vya kuwashia moto.

Ile maana ya pili ina faida nyingine. Humwonyesha mtoto kwamba kugawanya ni kutoa mara nyingi. Wazee walisema, bandu bandu huisha gogo. Ukitaka kujua 20 kwa 5 ni ngapi, bandua tano, zimebaki 15. Bandua tano, zimebaki 10. Bandua tano, zimebaki 5. Bandua tano, gogo limekwisha. Umebandua mara nne. Mtoto aliyeliona jambo hili hawezi kupotea kabisa, maana hata akisahau kila kanuni, bado anayo njia ya kulifikia jawabu polepole.

KUZIDISHA NA KUGAWANYA NI NDUGU

Mtu hawezi kubandua moja moja siku zote. Hesabu zikiwa kubwa, atachoka. Hapo ndipo kuzidisha kunapoleta msaada. Panga punje 56 katika safu 7, kila safu punje 8. Zitazame kwa upande mmoja: ni saba mara nane. Zitazame kwa upande wa pili: ni nane mara saba. Sasa uliza: nikizigawa punje hizi 56 katika safu 7, kila safu ina ngapi? Ni 8. Na nikizigawa katika safu 8? Ni 7. Picha moja imetoa hesabu nne. Mtoto akijua moja katika hizo nne, amezijua zote, ila amekuwa hajui kwamba azijua.

Kwa hiyo mtoto asiyejua kuzidisha kwa moyo asisukumwe katika kugawanya kurefu. Arudishwe kwanza kwenye jedwali la kuzidisha, bila kuaibishwa. Wala asilifuate kwa mpango wa 1, 2, 3, 4 hata 10. Iko njia nyepesi zaidi. Aanze na 2, 10 na 5, ambazo ni rahisi. Kisha 4, ambayo ni 2 iliyorudufiwa. Na 8, ambayo ni 4 iliyorudufiwa. Kisha 3, na 6 ambayo ni 3 iliyorudufiwa. Kisha 9, ambayo ina alama yake: katika 18, 27, 36, 45 na kuendelea hata 90, tarakimu mbili za jawabu zikijumlishwa huwa 9. Akifika 7, ambayo watoto huiogopa kuliko zote, atakuta kwamba jambo jipya lililobaki ni moja tu: saba mara saba ni 49. Mengine yote amekwisha kuyajua katika majedwali yaliyotangulia.

Na kila mara umwulizapo kuzidisha, mwulize na kinyume chake. Ukisema, "Sita mara nane?" naye akajibu, "Arobaini na nane," mwulize papo hapo, "Na arobaini na nane kwa sita?" Dakika kumi kila jioni zafaa kuliko saa mbili siku ya Jumapili, maana mtoto aliyechoka hajifunzi kitu ila kuchukia. Haba na haba hujaza kibaba.

KINACHOBAKI

Tuna maembe 17 na watoto 5. Kila mtoto atapata 3, yaani maembe 15, nayo 2 yatabaki. Hayo mawili huitwa baki. Mweleze mtoto kwamba baki si kosa, ila lina sheria moja: lazima liwe dogo kuliko kile kigawanyo. Ikiwa yamebaki maembe 6 na watoto ni 5, basi kugawa hakujaisha, kwa maana kila mmoja aweza kuongezwa moja.

Lakini lililo kubwa zaidi ni kufikiri baki lile lifanyweje, na hapa hesabu hugeuka kuwa akili ya maisha. Tazama mifano hii:

Watu 50 wataka kwenda arusini, na kila matatu huchukua abiria 14. Hamsini kwa 14 ni 3, na baki ni 8. Je, zitahitajiwa matatu ngapi? Mtoto atazamaye daftari tu atasema 3. Mtoto afikiriye atasema 4, maana wale watu 8 hawawezi kuachwa njiani.

Fundi ana kitambaa cha mita 17, na kila nguo yataka mita 5. Atashona nguo ngapi? Hapa jawabu ni 3, na mita 2 hubaki dukani. Hawezi kushona nguo ya nne.

Watu 8 wamefanya kazi wakalipwa shilingi 100 pamoja. Mia kwa 8 ni 12, na baki ni 4. Lakini fedha hukatika: shilingi 4 ni senti 400, na senti 400 kwa 8 ni 50. Basi haki ya kila mtu ni shilingi 12 na senti 50.

Katika mfano wa kwanza jawabu liliongezwa, katika wa pili baki liliachwa, na katika wa tatu baki liligawanywa tena. Hakuna kanuni ya kumwambia mtoto ni lipi la kufanya. Lazima alitazame jambo lenyewe. Ndiyo maana ni vema kumpa hesabu zenye hadithi, si tarakimu tupu tu.

KUGAWANYA KUREFU

Sasa twaja penye mlima. Njia nzuri ya kuupanda ni fedha. Chukua vipande vya karatasi, uandike juu yake 100, 10 na 1, viwe kama fedha. Kisha mpe mtoto hesabu hii: Kikundi cha watu 6 kimeuza mayai kikapata shilingi 852. Kila mtu atapata kiasi gani?

Weka mezani noti 8 za mia, sarafu 5 za kumi, na sarafu 2 za shilingi moja. Mwulize mtoto ataanza na zipi. Karibu kila mtoto ataanza na zile kubwa, kama watu wafanyavyo wagawanapo fedha. Hiyo ndiyo sababu ya kuanzia upande wa kushoto, naye ameiona mwenyewe.

Noti 8 za mia kwa watu 6: kila mtu apata 1, nazo 2 hubaki. Noti mbili haziwezi kugawiwa watu sita. Tufanyeje? Tuzivunje. Mia mbili huwa sarafu 20 za kumi. Pamoja na zile 5 zilizokuwapo, ni 25. Sarafu 25 kwa watu 6: kila mtu apata 4, ndizo 24, nayo 1 hubaki. Ivunje nayo, iwe shilingi 10. Pamoja na zile 2, ni 12. Shilingi 12 kwa watu 6: kila mtu apata 2, wala hakibaki kitu. Kila mtu amepata mia moja, makumi manne na mbili, yaani shilingi 142.

Kisha mwonyeshe jinsi kazi ile ile iandikwavyo daftarini:

    142
6 ) 852
    6
    25
    24
     12
     12
      0

Mwekee kidole juu ya kila tarakimu, umwulize, "Hii ni fedha ipi?" Ile 6 iliyo chini ya 8 ni zile noti sita tulizozigawa. Ile 2 ya 25 ni zile noti mbili tulizozivunja. Kuteremsha 5 maana yake ni kuzichanganya sarafu zilizovunjwa na zile zilizokuwapo. Watoto wengi huteremsha tarakimu kwa sababu waliambiwa wateremshe. Mtoto wako atateremsha kwa sababu ajua inatoka wapi. Fanya hesabu tatu au nne kwa karatasi na daftari pamoja kabla hujaziondoa karatasi.

MAKOSA YAONEKANAYO SANA

La kwanza ni kuisahau sifuri. Ukimpa mtoto 618 kwa 6, mara nyingi ataandika 13. Amegawa yale mamia, kila mtu 1. Akaona kumi ni moja tu, haiwatoshi watu sita, akairuka. Kisha akagawa 18, kila mtu 3. Lakini mahali pa makumi hapawi pembe tupu. Kila mtu amepata mamia 1, makumi 0, na mamoja 3, ndiyo 103.

Dawa ya kosa hili ni kukisia kabla ya kuanza. Mwulize, "Watu sita wakigawana mia sita, kila mmoja ataondoka na ngapi?" Atasema mia moja. Basi jawabu la 13 akiliona atalikataa mwenyewe, bila kungojea alama ya mwalimu.

Dawa ya pili ni kuhakikisha. Jawabu huzidishwa kwa kigawanyo, likaongezwa baki kama lipo, na lazima irudi ile hesabu ya kwanza. Mara 142 kwa 6 ni 852. Basi hesabu ni sahihi. Mtoto ajuaye kuhakikisha hategemei mtu mwingine amwambie kwamba amepata.

Tena iko alama ya kujua mapema kama kitu kitabaki. Hesabu ikiishia na 0 au 5, hugawanyika kwa 5. Ikiishia na 0, 2, 4, 6 au 8, hugawanyika kwa 2. Tarakimu zake zikijumlishwa zikatoa hesabu igawanyikayo kwa 3, nayo yenyewe hugawanyika kwa 3. Ile 852 huishia na 2, na 8 na 5 na 2 ni 15. Kwa hiyo hugawanyika kwa 2 na kwa 3, na ndiyo sababu iligawanyika kwa 6 pasipo baki.

KIGAWANYO KIKIWA KIKUBWA

Kigawanyo kikiwa cha tarakimu mbili, kama 12 au 23, mtoto huingiwa na hofu tena, maana jedwali lake limekoma. Hapa yafaa kumfunza njia moja ya kale sana. Iko karatasi ya mafunjo iliyoandikwa Misri na karani aitwaye Ahmes, yapata miaka 3,500 iliyopita, ambayo imehifadhiwa katika Makumbusho ya Uingereza mjini London. Hesabu za mwanzo katika karatasi hiyo zahusu kugawia watu kumi mikate. Wamisri wale walikuwa wakigawanya kwa kurudufu, na mtu yeyote awezaye kujumlisha aweza kuifuata njia yao.

Tuseme tuna miche 276 ya miti, nasi twataka kuipanda katika safu 12. Kila safu itakuwa na miche mingapi? Andika 12, uirudufu, na kando yake uandike ni mara ngapi:

Mara 1 ni 12
Mara 2 ni 24
Mara 4 ni 48
Mara 8 ni 96
Mara 16 ni 192

Mara 32 ingekuwa 384, nayo yapita 276, basi tunakomea hapo. Sasa toa iliyo kubwa: 276 toa 192, hubaki 84. Katika 84 haiingii 96, lakini 48 yaingia: hubaki 36. Toa 24, hubaki 12. Toa 12, imekwisha. Tumetumia mara 16, mara 4, mara 2 na mara 1. Jumla ni 23. Kila safu ni miche 23. Mtoto akiisha kuizoea njia hii, ile ya shuleni haitamtisha, maana ataona kwamba ni kazi moja iliyofupishwa.

Mtoto akiuliza ile alama ya kugawanya, yaani kistari chenye nukta juu na chini, ilitoka wapi, mwambie kwamba ilichapwa kwa maana hiyo katika kitabu cha Johann Rahn, mtu wa Uswisi, mwaka 1659. Na akiuliza 12 kwa 0 ni ngapi, usimkemee, maana ni swali zuri. Mwambie abandue mafungu yasiyo na kitu kutoka katika punje 12, aone yataisha lini. Hayataisha kamwe, kwa hiyo hesabu hiyo haina jawabu.

YALIYONIPATA MIMI

Niliyoyaeleza juu ya hasira sikuyasoma vitabuni. Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka tisa, jioni moja nilimkuta akigawanya 54 kwa 6 kwa kuchora vistari 54 daftarini. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka. Nikamwambia kwa ukali kwamba umri wake ni mkubwa mno kwa vistari, nikamtaka anipe jawabu papo hapo. Akanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti kubwa zaidi. Akasema kumi na moja, kisha nane, kisha akalia. Siku zilizofuata sikuona daftari, na nilipolitafuta nililikuta chini ya godoro.

Mama yangu, ambaye hakupata kuingia darasani maishani mwake, alikuwa akikaa nasi wakati huo. Siku moja alikuwa akichambua maharagwe, akamwita mtoto. "Mume wangu, hebu njoo unisaidie. Nimehesabu hapa maharagwe hamsini na nne. Yatie katika vikombe hivi sita, visipunjane."

Mtoto akaketi akaanza kutia moja moja. Baada ya kitambo kidogo akaacha, akawa atia kwa haraka, mengi mengi. "Kila kikombe tisa, Nyanya."

"Umejuaje, nawe hujamaliza?"

"Kwa sababu tisa mara sita ni hamsini na nne."

Mimi nilikuwa mlangoni nikisikia. Kumbe jawabu alikuwa nalo siku zote. Lililolifungia ndani lilikuwa sauti yangu. Niliona haya, nami nilimwambia mtoto kwamba nilikosa. Lakini hofu haikuondoka siku ile. Ilichukua muhula mzima kabla hajaniletea daftari lake mwenyewe bila kuitwa. Nimeandika haya ili mzazi mwingine asiupoteze muhula kama nilivyoupoteza mimi.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Basi, wazazi, haya ndiyo ya kushika. Anza na vitu vya mkononi, kisha picha, kisha tarakimu. Usianze na tarakimu. Uliza maana zote mbili za kugawanya. Imarisha kuzidisha kwanza. Mtoto akisie kabla ya kuanza, na ahakikishe akiisha kumaliza. Akikosea, usiseme "hapana" ukamnyang'anya kalamu. Sema, "Nionyeshe ulivyofanya," na mara nyingi atalikuta kosa lake kabla hajafika mwisho wa maelezo. Usimfananishe na ndugu yake. Usiseme mbele yake kwamba hata wewe hesabu zilikushinda, maana ataona kwamba kushindwa ni urithi wa nyumba. Na ikiwa njia yako ni tofauti na ya mwalimu, nenda shuleni umwulize mwalimu; kuuliza si ujinga.

Mtoto aliyejua kugawanya siku moja atagawa mazao ya shamba, mshahara wa vibarua, au fedha za kikundi, na watu watamtazama mikono. Ikiwa alijifunza vizuri, kila mtu ataondoka na haki yake, wala hapatakuwa na manung'uniko. Kazi hiyo huanza leo jioni, kwa punje chache za mahindi juu ya mkeka.